Kutafsiri "get" bila kukimbilia "pata"

Mfasiri anayeanza huandika "pata" karibu kila anapokutana na "get", na tafsiri yake husomeka kama Kiingereza kilichovalishwa maneno ya Kiswahili. Maana ya "get" haimo ndani yake. Imo katika kinachofuata, kwa hiyo anza kusoma hapo.

Ikifuatwa na nomino, jiulize kitu hicho hufanywa nini. Barua hupokelewa, maziwa hununuliwa au huletwa, basi hupandwa. Mgeni akibisha hodi, "get the door" ni "fungua mlango". Simu ikiita, "get the phone" ni "pokea simu". "Pata" ibaki kwa kazi, alama za mtihani, mafua na mengine yanayomjia mtu.

Ikifuatwa na mahali, ni kufika: "we got home at six" ni "tulifika nyumbani saa kumi na mbili".

Ikifuatwa na kivumishi, hali inabadilika, na mara nyingi Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotosha: zeeka, choka, kasirika, lewa, nenepa. "Nimepata kuchoka" ni kosa, "nimechoka" imemaliza. "It's getting dark" ni "giza linaingia".

Penye utata mkubwa ni pale inapofuatwa na kitenzi kilichotendwa. "Get paid" ni "lipwa", "get fired" ni "fukuzwa kazi": kauli ya kutendwa, kwa kuwa mtendaji yupo hata asipotajwa. Lakini "get broken" bila mtendaji ni "vunjika", kauli ya kutendeka. "Get married" inakudai ujue ni nani: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wawili huoana. Sentensi isipoonyesha, rudi aya ya juu utafute jinsia kabla ya kuandika.

Sasa linganisha "he got his car repaired" na "he got his arm broken". Umbo ni lilelile, maana zimeachana kabisa. Ya kwanza ni "alipeleka gari lake likatengenezwa", ya pili ni "alivunjika mkono". Swali la kuzitenganisha: je, mhusika alitaka litokee? Akitaka, aliagiza. Asipotaka, lilimpata, kama katika "he got his wallet stolen", yaani "aliibiwa pochi". Ukiruka swali hili utamfanya mtu aajiri mwizi wake mwenyewe.

Chunga pia "got to". "I got to see him" ni "nilipata nafasi ya kumwona", ilhali "I've got to see him" ni "lazima nimwone". Katika mazungumzo ya kasi "'ve" humezwa, kwa hiyo anayeandika manukuu ya filamu aangalie wakati: jambo limeshapita au bado? Vivyo hivyo, "I've got a letter" kwa kawaida ni "nina barua", lakini Mmarekani akisema "I've gotten a letter" anamaanisha "nimepokea barua".

Vijineno vinavyoifuata vikaririwe pamoja nayo: "get up" amka au inuka, "get on" panda, "get off" shuka, "get along" patana, "get by" jikimu. "Get over" ni pona kwa ugonjwa, lakini kwa msiba au mapenzi ni kusahau au kuzoea.

Mwisho, zipo kauli zisizovunjwa vipande. "Get well soon" ni "ugua pole", na "I don't get it" ni "sielewi".