Kuchagua vali ya moyo na kutayarisha nyumba mbele ya operasio, kwa batu ba Bukavu

Kama munganga amekuambia vali ya moyo imeharibika na inabidi kuweka ingine, famii yote inakimbilia swali moja: yenye inadumu sana ni gani? Mimi nilikuwa gadimaladi wa dada yangu mukubwa, na naona swali ya kwanza ni ingine: nikisha kupasuliwa na kurudi Bukavu nitapimia INR (kipimo cha damu chenye kinaonyesha inachelewa kiasi gani kuganda) wapi, na nani atalipa kila mara? Jibu ya hapo njo inaamua karibu yote, utaona.

Moyo iko na vali ine, zinafunguka na kufunga juu damu ipite njia moja bila kurudi nyuma. Kwetu huku vijana bengi banaharibikiwa na ile ya mitrali (iko ndani ya moyo, upande wa kushoto) juu ya rumatisme ya moyo, yenye inaanziaka ku anjine ya utoto: mutoto anaumwa koo, banamupa tangawizi na asali, inapita, kumbe mwili umeanza kupigana na moyo wake. Kwa bazee mara nyingi ni vali ya aorta (mulango penye damu inatokea kwenda mu mwili) yenye imekauka juu ya miaka.

Mbele ya kuongea vali mupya, uliza kama yako haiwezi kutengenezwa. Mitrali yenye kuvuja mara zingine inashonwa, yenye imebana inaweza kufunguliwa na balo kidogo yenye banapitisha mu mushipa bila kupasua kifua. Ikiwezekana kutengeneza yako, banganga banapenda hiyo kuliko kuweka ingine, uliza bila haya.

Kama haiwezekani, kuko mekaniki na kuko ya nyama. Mekaniki ni ya kaboni ngumu, inaweza kukaa miaka makumi na makumi, mutu akikaa karibu yako usiku kimya anaweza kusikia tik tik. Shida yake ni damu: inapenda kugandia pale, kwa hiyo utakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini ao Sintrom, mpaka mwisho wa maisha, hakuna likizo. Na usikubali mutu akuuzie ku farmasi zile dawa mupya (rivaroksabani, apiksabani, dabigatrani) eti hazihitaji kupima damu. Kwa vali ya mekaniki hizo hapana, dabigatrani na apiksabani zilijaribiwa na zikaleta mabaya.

Ya nyama inatengenezwa na ngozi yenye inafunika moyo wa ngombe, ao na vali ya nguruwe. Mara nyingi dawa ya damu unaikunywa miezi tatu hivi mpaka sita, kiisha munganga anaweza kukuachia aspirini tu, isipokuwa moyo wako unapiga ovyo-ovyo. Lakini inachakaa, tuseme miaka 10 ao 15, na kwa kijana inachakaa mbio zaidi, maana yake kupasuliwa tena siku moja. Kama dini yako inakataza nguruwe, Muislamu ao Muadventisti, sema mapema ku randevu, si siku ya operasio, juu vali ya ngombe iko.

Maandiko ya banganga ba Ulaya ya 2021 yalielekeza mekaniki kwa mutu wa chini ya miaka 60 kama ni aorta, chini ya 65 kama ni mitrali, na ya nyama kwa wa juu ya 65 ku aorta, juu ya 70 ku mitrali. Katikati hapo munazungumuza. Lakini maandiko yale yenyewe yalisema pia mutu asiyeweza kufuata dawa na kupima vizuri apewe ya nyama, na hapo njo penye Bukavu inaingia. Kijana wa miaka 30 anaishi mbali kabisa na labo, mekaniki inaweza kumuua mbele ya ile ya nyama kuchakaa. Na mwanamuke mwenye anataka kuzaa aseme wazi mbele ya bwana yake na munganga: warfarini inaweza kuharibu mimba, zaidi mu miezi ya kwanza, kwa hiyo bengi banachagua ya nyama wakijua kifua kitafunguliwa tena. Hakuna chaguo ya bure hapo.

Kuko pia vali yenye inapitishwa mu mushipa wa paja, Alain Cribier aliiweka mara ya kwanza 2002 kule Rouen, Ufaransa. Ni ya aorta, zaidi kwa bazee, na bei yake inakimbiza batu. Tupite.

Sasa INR. Mutu bila dawa iko ku 1 hivi, mwenye mekaniki ku aorta mara nyingi banatafuta 2 mpaka 3, ku mitrali 2,5 mpaka 3,5, yako utaandikiwa. Mbele ya kusafiri kwenda kupasuliwa pita mwenyewe ku labo mbili tatu za muji uulize: munatoa INR ao TP tu (kipimo ingine ya kuganda kwa damu, yenye inaandikwa kwa asilimia)? riaktifu (dawa ya kupimia) inaishaka? umeme ikikatika munafanya je? Batu banaona karatasi imeandikwa TP 30% banafikiri njo ile ile, hapana, munganga anahitaji INR. Kama unategemea labo ya ngambo ya Ruzizi, kumbuka mupaka ikifungwa wewe ndiye utabaki huku na damu yako. Weka dawa ya miezi mbili mu nyumba, ya jina moja, usibadilishe-badilishe.

Meno pia, mbele ya operasio. Jino lenye kuoza linatuma mikrobe mu damu na vali mupya inashikwa, kwa hiyo ng'oa na tengeneza mapema. Na hata kisha, kila mara unaenda kwa munganga wa meno sema uko na vali, atakupa antibiotiki mbele ya kugusa.

Nyumba. Mufupa wa kifua unaunganishwa na waya na unakamata wiki 6 mpaka 12 kupona, na mu wiki zile usibebe kitu ya kupita kilo 4 ao 5. Fikiri kidogo: bido ya maji ni kilo 20, mutoto mu mugongo ni kilo 10, kinu ya sombe inatumikisha kifua yote. Kwa hiyo tafuta mutu wa maji na wa jikoni MBELE, mukubaliane franga, usingoje "tutaona", juu mama wa Bukavu ukimuacha peke yake ku nyumba siku ine utamukuta anafua. Kama munaishi Kadutu kwa ngazi zile, omba kwa ndugu chumba ya chini penye njia iko sawa, wiki za kwanza kutembea ni dawa lakini ku fasi ya tambarare, kidogo asubui kidogo mangaribi, ukiongeza polepole. Moto (pikipiki) hapana, mashimo za barabara zinatikisa mufupa.

Kama ulipasuliwa Kigali na unarudi kwa barabara ya Nyungwe, omba munganga ruhusa ya safari, weka muto kati ya kifua na mukanda wa gari, na shuka mara kwa mara utembee. Muto ule ule unaukumbatia ukikohoa.

Chakula, kwa mwenye kukunywa warfarini ao Sintrom: bamama banakataza sombe na lengalenga yote, juu majani yanapunguza nguvu ya dawa. Mimi napenda zaidi hivi: kula kipimo kile kile kila wiki, munganga atarekebisha dawa kwa namna unakula. Kinachoharibu ni wiki moja bugali na sambaza tu, wiki ingine sombe kila siku. Kasiksi (pombe ya ndizi) ziepuke. Maumivu ni parasetamoli, si ibuprofeni wala diklofenaki. Flagyl na Bactrim zinapandisha INR mbaya, kama umepewa, pima tena mu siku chache. Dawa za majani za jirani rudisha na heshima. Ukisahau kidonge usikunywe mbili kesho.

Mwenye vali yake iliharibika na rumatisme anaendelea na sindano ya penisilini kila wiki 3 ao 4 hata kisha operasio, vali mupya haiponyeshi ugonjwa ule. Lakini sindano ya kupiga mu musuli na dawa ya damu vinagombana, uliza munganga kama abadilishe na vidonge. Vilevile ukishikwa na malaria omba vidonge kama hautapiki, na upime INR kiisha.

Piga simu siku hiyo hiyo kama jeraha inatoa usaa, homa inafika 38, mifupa ya kifua inalia ukigeuka, miguu inavimba ao kilo mbili zimeongezeka mu wiki (nunua kipima-kilo, si ghali). Kimbia hopitali bila kungoja asubui kama mudomo umepinda, mukono umelegea, maneno hayatoki, damu ya pua haikati, ao pumzi imekatika na ile tik tik haisikiki tena. Na gari ya usiku, mupatane na jirani mwenye nayo sasa hivi, namba yake iandikwe ku mulango pamoja na aina ya vali, saizi yake na tarehe.