Mkanda wa usalama kwenye mnara wa redio

Vaa mkanda wa mwili mzima. Ule wa kiunoni pekee hukubana tumbo ukianguka, au ukachomoka ndani yake.

Kagua utepe wote kwa vidole: nyuzi zilizokatika, alama za kuungua, kukakamaa kwa jua. Mishipi ya mapajani ikaze hadi kiganja bapa kipite, ngumi isipite.

Panda na kamba mbili zenye kifyonza mshtuko, zilizoungwa kwenye pete ya mgongoni. Funga ya juu kwanza, ndipo ufungue ya chini. Ndoano ishike mguu wa mnara juu ya kiungio ili isiteleze, kamwe si vyuma vyembamba vya mshazari. Pete za kiunoni ni za kukutegemeza kazini tu.

Mkanda uliokwisha kudaka mtu haurudi kazini. Na chini awepo anayejua kukushusha haraka: kuning'inia bila kusogea huzuia damu kurudi moyoni.