Namna ya Kuishi Majilio na Kuadhimisha Noeli Katika Joto la Desemba

Mkristo wa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara huifikia Noeli katika siku zenye mchana mrefu kuliko zote za mwaka, upepo wa kaskazi ukianza kushika na maembe yakiwa tele sokoni, wala hana haja ya kubandika pamba dirishani ili ifanane na theluji. Masomo yenyewe ya Majilio, kipindi cha kuingojea Noeli, yalizaliwa katika nchi ya jua na kiu. Isaya, sura ya 35, anaona jangwa likichanua maua, na katika sura ya 45, aya ya 8, mawingu yanaamriwa kunyesha haki. Mkulima aliyekwisha panda na bado anayatazama mawingu ya vuli hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Yasomeni kwanza hayo nyumbani.

Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, na Dominika zake ni nne. Taji la mishumaa lilitokana na Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri aliyelitengeneza Hamburg mwaka 1839 kwa ajili ya watoto aliowalea, na matawi yanayolizunguka siku hizi ni ya miti ya nchi za baridi. Ninyi sukeni duara la makuti mabichi ya mnazi, mliweke juu ya sinia la mchanga wenye unyevu, na kulibadilisha kila wiki, kwa maana makuti yaliyokauka karibu na moto ni hatari. Mishumaa mitatu iwe ya zambarau na mmoja wa waridi, ambao huwashwa Dominika ya tatu; ihifadhiwe mbali na jua, la sivyo itapinda kabla ya siku yake.

Salini jua likishatua, barazani penye upepo kidogo. Feni izimwe, mmoja asome, kisha wote wanyamaze kwa muda. Ukimya huu, naamini, ndio sehemu ya Majilio tunayoipoteza upesi zaidi kwa sababu ya ununuzi na safari za kwenda mikoani. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba Kanisa huimba antifona saba, yaani beti fupi za kumwita Kristo, katika Masifu ya Jioni, sala yake rasmi ya jioni. Ile ya tarehe 21 humwita Kristo kwa jina la nuru inayochomoza: kwa Wazungu huangukia siku yenye mchana mfupi kuliko zote, nasi jua letu liko katika nguvu zake, kwa hiyo isemeni pia alfajiri, kabla joto halijapanda.

Siku ya Noeli, pilau ipikwe asubuhi hiyohiyo, maana chakula kilicholala huchacha. Mkichinja mbuzi, achinjwe kihalali, ili sahani zinazopelekwa kwa majirani Waislamu ziliwe bila shaka. Pango nalo, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, lisibomolewe tarehe 26, kwa kuwa kipindi cha Noeli huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana.