Friza Imejaa, Mita Nayo Inakula: Onyo kwa Anayejipikia Peke Yake Uingereza

Mtu anayeishi peke yake Uingereza, awe mwanafunzi au mfanyakazi wa zamu, hawezi kupika kila siku kama alivyozoea nyumbani, na kwa kweli hana haja ya kufanya hivyo. Njia inayofaa ni kupika kwa wingi siku ya mapumziko, kugawa chakula katika vyombo vidogo vyenye vifuniko na kukigandisha. Wengi hulijua hilo kabla hata ya kupanda ndege, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni mita, kwa sababu friza haiendi bila umeme, na umeme wa nyumba nyingi za kupanga za bei nafuu hulipiwa kabla, kwa mita inayomfanya Mtanzania aone LUKU na Mkenya aone tokeni, ilhali tabia yake ni nyingine kabisa.

Ya jikoni niyamalize upesi. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa moto mkali kwa dakika 10 ndipo upunguze moto, hasa yale mekundu, kwa kuwa yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo hubaki na sumu inayotapisha. Wali uliobaki upoze ndani ya saa moja, uweke katika friji na uule ndani ya saa 24. Kiporo kilicholala juu ya jiko hadi asubuhi usikiguse, maana sumu inayoachwa na bakteria wake haiondoki kwa kupasha moto. Nyama ya kibandiko cha njano, ile inayoshushwa bei jioni, inunue bila aibu, mradi uigandishe kabla tarehe ya mwisho ya kutumia haijapita. Mihogo, bamia, ndizi za kupika na unga wa ugali vimo katika maduka ya Waasia. Hapa Leicester, ambako Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walihamia, huna sababu ya kulalamika. Mama akitaka kukufungashia, na afungashe dagaa na viungo, lakini nyama na samli kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, vitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege.

Sasa mita. LUKU unaijua: unanunua umeme, unaingiza tarakimu 20, uniti zinasoma, na ukizima kila kitu ukasafiri kwenda kijijini, unarudi unazikuta kama ulivyoziacha. Hata kodi ya majengo tunayokatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021 hukatwa wakati wa kununua. Haiji usiku ukiwa umelala kukuzimia taa. Mita ya hapa haiweki uniti bali inaweka pesa, na pesa hiyo inapungua kila siku, utumie usitumie. Kuna tozo ya kila siku ya kuwa na umeme tu, ambayo kwa miaka ya karibuni imezidi nusu pauni katika maeneo mengi, na kama nyumba ina gesi, tozo yake ni karibu peni 30 nyingine. Usipotia pesa kwenye mita ya gesi kiangazi chote kwa kuwa huwashi kipasha joto, tozo inajipanga kimya kimya kama deni, na mwezi wa Oktoba ukiongeza pauni 10 ili upike na kuoga maji ya moto, utazitazama zikimezwa hata kabla hujawasha kiberiti. Narudia: kuzima kila kitu hakuizuii mita hii kula.

Hiyo ni nusu ya mtego. Nusu ya pili ndiyo iliyonipata. Wakala wa nyumba alinikabidhi funguo za mlango pamoja na kifunguo cha plastiki cha mita, akaniambia niende duka la jirani nikakiongezee pesa, basi. Hakuniambia kwamba kifunguo kile kilikuwa bado kimesajiliwa kwa mpangaji aliyenitangulia, na kwamba mita ilikuwa imepangwa kukata kiasi fulani kila wiki kulipia deni aliloliacha. Kila nilipoongeza pesa, sehemu moja ilikuwa yangu na sehemu nyingine ilikwenda kulipa umeme aliopikia mtu ambaye sijawahi kumwona.

Kabla ya Krismasi nilijaza friza: mchuzi wa nyama, maharage ya nazi, pilau, chapati zilizotenganishwa kwa karatasi ili zisigandane. Niliacha pesa ambayo kwa hesabu ya friza na tozo ingetosha, nikaenda kwa ndugu zangu London. Mita hizi zina kawaida ya kutokata umeme usiku, wikendi na siku za sikukuu, jambo linaloonekana kuwa la huruma, lakini maana yake ni kwamba deni linaendelea kujaa na umeme unakatwa asubuhi ya siku ya kazi ya kwanza, saa ambayo anayeishi peke yake hayupo nyumbani. Upo pia mkopo wa dharura wa pauni chache, ila katika mita kama yangu haujiwashi wenyewe. Lazima mtu aingize kifunguo. Niliporudi harufu ilinipokea mlangoni. Maji mekundu ya mchuzi yalikuwa yametiririka kutoka droo ya chini ya friza hadi chini ya jiko na kugandia hapo, na chapati zilikuwa zimerudi kuwa unga uliokandwa.

Nilipompigia kaka yangu simu alicheka kwanza, kisha akauliza kama Ulaya nako umeme unakatika. Ndugu zetu, kwa heshima zote, tuelewaneni: hapa nguzo hazianguki mara kwa mara na hakuna mgawo, lakini asiye na pesa kwenye mita anakaa gizani sawasawa na aliyeishiwa LUKU Mbagala, na anayeombwa atume ada ya mtoto kila mwezi naye anapimiwa umeme wake kwa peni. Na mnaposema "si uwaombe majirani wakuwekee", mnaisahau nchi niliyomo. Waingereza ni wapole na watakusalimia kwenye ngazi, lakini kumgongea mtu mlango na kumwachia kifunguo cha mita ni jambo litakalomtia wasiwasi juu ya afya ya akili yako. Kinachonikera zaidi ni kwamba katika nchi hii mwenye nacho hutumia umeme kwanza akalipa baadaye kupitia benki, ilhali asiye nacho hulipa kwanza. Tena hadi katikati ya mwaka 2023 huyu wa kulipa kwanza ndiye aliyetozwa zaidi, mpaka serikali ilipoingilia kati.

Kwa hiyo, siku unapopokea funguo za nyumba, kabla hujanunua hata chumvi, ipige picha mita ya umeme na ya gesi, namba zote zikionekana, pamoja na kurasa za kioo zinazoonyesha deni, ambazo utazifikia kwa kubonyeza kitufe cha mita mara kwa mara. Usiongeze hata pauni moja kwenye kifunguo au kadi uliyoikuta. Mwulize wakala ni kampuni gani inayouza umeme hapo, wapigie wewe mwenyewe, wape tarehe uliyoanza upangaji, waombe kifunguo kipya kwa jina lako na mita isafishwe deni la zamani. Deni la mpangaji aliyepita si lako, hata wakikuambia kwamba "liko kwenye nyumba". Wakala akikuambia uongeze tu, mambo yatajirekebisha, usikubali, kwa maana hayatajirekebisha.

Ukisafiri, piga hesabu ya tozo ya kila siku kwa siku zote utakazokuwa mbali, ongeza matumizi ya friza, kisha weka pesa ya ziada juu yake. Gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu: ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini ya kikombe, umeme ulikatika kwa muda mrefu ukarudi, na chakula kilichoyeyuka kikaganda tena hakifai, hata kama kwa macho kinaonekana kizima. Friza iliyojaa ikifungwa huhimili takriban saa 48, iliyojaa nusu tu huhimili takriban saa 24. Nyama mbichi iliyoyeyuka ingali baridi kabisa inaweza kupikwa siku hiyo hiyo; iliyopata joto itupe, wala usiinuse ukitafuta kujifariji.

Kama hasara imekwisha kutokea, usianze kusafisha. Piga picha za chakula kilichoharibika na kioo cha mita, andika orodha na bei, tafuta risiti za pesa ulizoongeza, kisha wasilisha malalamiko kwa kampuni kwa maandishi, ukidai urejeshewe kilichokatwa kwa deni lisilo lako. Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, watakusaidia bure kuandika barua. Zikipita wiki 8 bila suluhu, peleka shauri kwa Energy Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya kampuni za umeme na gesi, ambako pia hulipi kitu. Mimi nilirudishiwa pesa ya deni. Ya chakula waliibishia hadi nilipowatumia picha ya ile sakafu.