Kufufua moteri ndogo iliyoliwa na vumbi la Goma

Moteri ya Honda GX160, pamoja na zile za Kichina zilizoundwa kwa mfano wake, utaikuta kwenye mashine za kulimia za mkono, pampu za maji na vinu vya unga. Ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 68, pistoni inasafiri milimita 45, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 163. Ikianza kunywa mafuta, kutoa moshi wa bluu na kuchoka ikipewa mzigo, mwenye mashine hukimbilia Birere, mtaa wa biashara wa Goma, kununua ringi za pistoni. Ringi mpya ndani ya silinda iliyotanuka hazifiki mbali. Kabla ya kununua chochote, jua ni nini kimeila.

Hapa Goma mshukiwa wa kwanza ni vumbi la lava. Ni unga wa mwamba, mweusi na wenye makali, na ukichanganyika na mafuta unasaga chuma bila kupumzika. Vua chujio la hewa, pitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta, kisha usugue kidole hicho kwa kidole gumba. Ukisikia chembe zinakwaruza, chujio linapitisha vumbi, au gasketi kati ya boksi la chujio na kabureta haipo. Usiporekebisha hapo, kazi yote inayofuata ni bure.

Mwaga mafuta moteri ingali na joto, kwenye beseni jeupe, uyaangalie juani. Vumeta vya rangi ya fedha ni aluminiamu ya bieli, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, yaani mhimili unaozunguka. Bieli ya moteri hii haina beringi ya kubadilisha, aluminiamu yenyewe ndiyo inayozunguka juu ya kranki. Mafuta nayo hayasukumwi na pampu, yanarushwa na kijiko kilicho chini ya bieli. Yakipungua kidogo tu, au moteri ikifanya kazi imeinama kwenye mteremko, kijiko hakifiki na bieli inakauka.

Flaiwili, lile gurudumu zito kwenye ncha ya kranki, ing'oe kwa kivutio chake, kifaa cha kuivuta nje. Anayepiga nyundo kwenye ncha ya kranki anaweza kuipinda, na kranki iliyopinda haina dawa ya bei nafuu. Angalia na kile kifunguo kidogo kinachoishika flaiwili: kikikatika hata nusu, cheche inakuja wakati usio wake na kamba ya kuwashia inakurudisha mkono kwa nguvu.

Sasa silinda. Si kila ateliye ina kipimo cha ndani cha silinda, lakini ringi mpya na vibamba vya kupimia nafasi vinatosha. Ingiza ringi mpya peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime nafasi kati ya ncha zake mbili. Pima chini kabisa, mahali ringi hazifiki, kisha pima juu, chini kidogo ya ukingo ambako ringi ya kwanza hugeukia. Tofauti ya vipimo hivyo viwili igawe kwa 3.14, utapata silinda imetanuka kiasi gani. Mfano, kwa milimita: chini umepata 0.30, juu 0.85. Tofauti ni 0.55, ukigawa unapata 0.175. Silinda mpya ina milimita 68.00 na mwisho wake ni 68.165, kwa hiyo hiyo imekwisha. Ipeleke kwa fundi wa kukereza vyuma aitanue kwa 0.25 au 0.50, lakini nunua kwanza pistoni ya saizi hiyo na umpelekee mkononi, akate kwa kuifuata. Kati ya pistoni na silinda inatakiwa nafasi ya 0.015 hadi 0.050, ikifika 0.12 pistoni inagonga.

Kama silinda bado iko ndani ya kipimo, ikwaruze kwa mawe ya kung'arishia hadi mistari ipishane mithili ya wavu, ringi zipate pa kushika mafuta. Kisha ioshe kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Kuosha kwa esansi (petroli) peke yake ni kosa linalorudiwa sana: esansi inaondoa mafuta lakini inaacha chembe za jiwe kwenye vitundu vya chuma, na chembe hizo zitakula ringi mpya kuliko lile vumbi la barabarani. Futa kwa kitambaa cheupe chenye mafuta safi. Kikitoka na kijivu, rudia, hata mara tano. Kikitoka cheupe, paka silinda mafuta papo hapo isishike kutu.

Shingo ya kranki inapokaa bieli isiwe chini ya milimita 29.92. Ipime pande mbili, maana mara nyingi inalika kwa umbo la yai. Valvu zisage kwa dawa yake, zirudishe na springi zake, kisha geuza kichwa na umimine esansi kwenye tundu la kuingizia hewa na la kutolea moshi. Ikivuja upande wa chumba cha moto, endelea kusaga.

Wakati wa kurudisha, alama ya pembetatu juu ya pistoni itazame upande wa fito za kusukuma valvu. Alama za ringi zitazame juu, na nafasi zake zipishane kwa nyuzi 120. Skrubu za bieli zinataka Nm 12 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), za kichwa na za kifuniko cha pembeni Nm 24, nati ya flaiwili Nm 75. Huna spana ya kupimia nguvu? Funga mizani ya ndoano kwenye spana, sentimita 20 kutoka katikati ya skrubu: kilo 6 ni kama Nm 12, kilo 12 ni kama Nm 24. Kichwa kikaze kwa msalaba, kwa awamu tatu, na gasketi iwe mpya. Kabla ya kufunga kifuniko, nukta ya gia ya kranki na ya kamshafti zikutane. Jino moja likikosea, moteri haitawaka vizuri.

Moteri ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, acha nafasi ya milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutoa. Buji (plagi ya cheche) iwe na nafasi ya 0.7 hadi 0.8, koili ikae 0.4 kutoka flaiwili. Mafuta ni lita 0.6 ya SAE 30 au 10W-30, moteri ikiwa imekaa sawa bila kuinama, hadi ukingo wa tundu la kujazia.

Usishangae ikiwa nguvu hazifiki zile za kwenye kibandiko. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na moteri ya esansi hupoteza karibu asilimia 3.5 kila mita 300. Kwa hiyo nguvu farasi 5.5 hapa ni kama 4.6. Buji ikiendelea kuwa nyeusi na kavu wakati chujio ni safi, jigla ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha esansi, ni kubwa mno kwa hewa yetu. Tafuta ndogo zaidi, usiizibe kwa waya.

Saa za mwanzo ipe mzigo wa nusu na ubadilishe mwendo mara kwa mara. Kuiacha ikinguruma bure hakukazi ringi. Sponji ya chujio ioshe kwa sabuni, ikauke, ilowe mafuta safi, kisha uikamue. Msimu wa vumbi fanya hivyo kila siku ya kazi. Baada ya saa 20 mwaga mafuta kwenye lile beseni jeupe: unga mwembamba wa kijivu ni ringi zinazojikalisha, lakini vumeta vya fedha vikirudi, zima moteri na ufungue bieli kabla haijakatika na kutoboa boksi la moteri.