Kukagua Bastola Kongwe ya Silinda

Msasa na stili waya viache mbali. Bastola ya miaka mia ikishasuguliwa ikang'aa kama sufuria mpya, mkusanyaji haitazami mara mbili, maana alichokuwa anatafuta, rangi ya kiwandani na mihuri yenye kingo kali, kimeondoka na vumbi la kutu.

Sheria kwanza. Usidhani uzee wa silaha unaiondolea leseni. Sheria ya Tanzania ya silaha na risasi ni ya mwaka 2015, na pa kuanzia ni kituo cha polisi. Ukiikuta shambani au kwenye sanduku la marehemu babu, usiibebe kwenye bodaboda kwenda nayo Lindi mjini. Waite polisi waje. Silinda iliyoganda huenda ina risasi ndani, na risasi hizo si kazi ya koleo wala mafuta ya taa.

Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana Mahiwa, mkoani Lindi, Oktoba 1917, kwa hiyo kwa mtu wa kusini aina mbili ndizo za kuanza kuzijua. Reichsrevolver ya Ujerumani, ya 1879 yenye mtutu mrefu na ya 1883 iliyo fupi, hutumia risasi za milimita 10.6. Ina matundu sita, fremu isiyokunjika na kilango cha kujazia upande wa kulia. Haina kitoa maganda ya risasi. Yalisukumwa nje moja moja kwa kijiti. Webley Mk VI ya Uingereza, iliyopitishwa 1915, hufunguka kwa kuinamisha mtutu, na nyota ya katikati ya silinda huinuka na maganda yote kwa mpigo.

Ikiwa na leseni na matundu yote umeyaona matupu kwa macho yako, andaa tochi ndogo, lenzi, karatasi nyeupe, kitambaa cha pamba, mafuta ya cherehani na fila geji ya fundi pikipiki, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia upana wa nafasi.

Anza na ngozi ya chuma. Rangi ya asili huisha kwanza mahali panapoguswa: mdomo wa mtutu, kingo za silinda, mgongo wa mpini. Ikiwa imebaki sawasawa kila mahali, hata huko, shuku imepakwa upya. Tazama mihuri kwa lenzi: herufi za kiwandani zina kingo kali, zilizopigwa msasa huonekana zimeyeyuka. Tazama na matundu ya skrubu. Mashine ya kung'arisha huyapanua yakawa kama visahani. Utando wa kahawia uliotulia si ugonjwa, uache. Kutu ya kuondoa ni ile nyekundu inayochafua kidole: loweka kwa mafuta ya cherehani usiku kucha, kisha futa kwa kitambaa, rudia.

Namba nazo. Linganisha ya fremu, ya mtutu na ya silinda. Zikitofautiana, bastola imeunganishwa kutoka mbili au zaidi, na bei inashuka sana hata kama inapendeza.

Ndani ya mtutu ndiko wengi hudanganyika. Kwenye Webley iliyofunguliwa, weka karatasi nyeupe upande wa nyuma, mulika, uchungulie kutoka mdomoni. Mifereji ionekane ikizunguka bila kukatika. Fataki za zamani, zile za kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi, ziliacha chumvi inayovuta unyevu, ndiyo maana mtutu huweza kuwa na vishimo wakati nje pametulia. Vishimo havifutiki, anayesema amevisafisha amekwangua mifereji.

Mtambo ujaribu mara chache tu. Vuta nyundo polepole kwa dole gumba: silinda ijifunge kabla au pale nyundo inaposhika. Ikichelewa, kidole cha kuisukuma kimelika. Nyundo irudishe ukiishikilia. Ikianguka pakavu, bila risasi ndani, pini yake huvunjika, na kupata nyingine ni shida. Kati ya silinda na mtutu, fila geji ya milimita 0.15 ikipita si neno. Ikipita ya 0.4, imechoka.

Usiihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi, hata kama ndio uliokuja nayo: dawa za kutengenezea ngozi hula chuma, na kwa hewa ya pwani kama ya Mikindani kazi hiyo haichukui muda. Mkoba na bastola kila kimoja kivyake, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na kitambaa chenye mafuta kibadilishwe kila mwezi kuanzia Desemba mvua zinapoanza.