AC na hita ya van ya umeme: elewa, kagua, halafu ndiyo uguse gesi

Van ya kwanza ya umeme kuingia gereji yetu hapa Changamwe ilikuja na lalamiko nililolisikia mara elfu: "Fundi, AC haigandishi, niongezee gesi." Ilikuwa Nissan e-NV200 nyeupe ya kusambaza mikate. Nikaongeza gesi na kaoili kidogo kama nilivyozoea, nikalipwa, tukaagana kwa bashasha. Siku ya nne ililetwa juu ya lori la kuvuta magari, haitaki hata kuwaka. Nilichoharibu nitakieleza kwenye hatua ya tano, maana bila kosa lile nisingeandika haya.

Mifano yangu mingi inatoka kwa e-NV200 kwa sababu ndiyo niliyoifungua mara nyingi. Iliundwa Barcelona kuanzia 2014, na hata zile zilizouzwa Japani zilitoka hukohuko Hispania. Kwa hiyo ile inayotoka Japani na kushushwa bandarini kwetu imeshavuka bahari mara mbili. Betri yake ni ya uniti 24 (zilezile uniti za stima unazonunua kwa tokeni), na za baadaye zikawa za uniti 40. Van za kampuni nyingine hupanga vyombo kivyake, ila kanuni ni hizihizi.

Hatua ya 1: Anza na mtungi

Kila aliyelelewa Pwani anajua kuwa maji ya mtungi hupoa bila stima. Maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, yakauka upande wa nje, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. AC hufanya kazi hiyohiyo, ila mvuke wake hauachwi ukapotea.

Gesi ya AC iitwayo R134a ikiachwa kwenye presha ya kawaida ya hewa huchemka ikiwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Huingia kwenye evaporeta, nyuma ya dashibodi, ikiwa ya majimaji na presha ndogo. Hapo huchemka na kunyonya joto la hewa inayopulizwa kwako. Kompresa huuvuta mvuke huo na kuubana mpaka uwe moto kuliko hewa ya nje. Kondensa, ule wavu ulio mbele ya gari, hulitoa joto lile nje, na mvuke ukarudi kuwa majimaji. Kisha hupita kwenye vali nyembamba, presha ikashuka, safari ikaanza upya.

Hapa Mombasa kuna kazi ya ziada: kukausha hewa. Ule unyevu unaokufanya utoke jasho ukiwa umekaa kitako lazima ugeuzwe maji kwenye evaporeta kabla hujasikia baridi yenyewe. Ndiyo yale maji unayoyaona yakidondoka chini ya gari. Yakidondoka, shukuru.

Mpaka hapo ni sawa na gari la petroli. Tofauti ni nguvu inakotoka. Kwenye petroli, kompresa huzungushwa na fenibelti, na hita hutumia maji moto ya injini. Injini hupoteza kama theluthi mbili za nguvu ya mafuta kuwa joto, kwa hiyo hita ni ya bure. Mota ya umeme haina joto la kumwaga namna hiyo. Sehemu kubwa ya stima inayoingia hugeuka mwendo. Baridi na joto, vyote viwili, hulipiwa na betri ileile inayosukuma magurudumu.

Hatua ya 2: Fungua boneti, tazama, usishike

Tafuta nyaya nene za rangi ya chungwa. Rangi hiyo maana yake ni volti nyingi: kwenye e-NV200 betri hukaa kwenye volti 360 hivi, na ikijaa hukaribia 400. Waya mmoja kati ya hizo huenda kwenye kompresa, mwingine kwenye hita. Kompresa haina kapi, haina mkanda, wala ile klachi inayolia "tak". Ndani yake mna mota ya umeme na inveta inayoipangia kasi, na gesi na oili hupita palepale penye nyaya za mota. Kumbuka sentensi hiyo.

Kama hujafunzwa kazi ya volti kubwa, mikono yako inaishia hapa. Aliyefunzwa huzima gari, huondoa terminali ya betri ndogo ya volti 12, huchomoa plagi ya usalama akiwa amevaa glavu za volti 1,000, husubiri angalau dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, kisha hupima kwa mita kuhakikisha ni sifuri. Nimeona vijana wakiruka kule kusubiri. Dakika 10 ni kikombe kimoja cha kahawa tungu na kashata. Kaa unywe.

Hatua ya 3: Jaribu kwa masikio na kipimajoto

Washa gari mpaka taa ya kijani ya kuonyesha liko tayari iwake. Weka AC nyuzi za chini kabisa, hewa ya kuzunguka ndani, feni nusu, milango imefungwa. Sasa nyamaza usikilize. Kompresa ya umeme huvuma kama friji ya dukani, na sauti hupanda na kushuka kadiri inavyobadili kasi. Ukisikia feni ya mbele tu bila mvumo huo, kompresa haijaambiwa ifanye kazi, au imeambiwa ikakataa.

Chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, ngoja dakika 10. Siku ya nyuzi 32 kivulini nikipata kati ya 8 na 12, naridhika. Nikipata 18, kuna kazi.

Hatua ya 4: Wachunguze wezi wadogo kwanza

Filta ya kabini. Itoe, iangalie kwenye mwanga. Nimetoa moja iliyojaa manyoya ya kuku. Mwenyewe alikuwa akibeba vifaranga nyuma, akalalamika eti kompresa imechoka.

Kondensa iliyozibwa na vumbi na chumvi ya bahari: ioshe kwa maji ya presha ndogo, la sivyo utazilaza zile pezi zake. Halafu betri ndogo ya volti 12. Ikichoka, kompyuta za gari hutoa makosa ya ajabuajabu, na AC huwa ya kwanza kusingiziwa. Gari likiwa limelala usiku kucha, ukipata chini ya volti 12 ibadilishe kabla hujafungua kitu kingine.

Hatua ya 5: Gesi, na ile oili

Sasa kosa langu. Kompresa za fenibelti hutumia oili ya PAG, na sisi mafundi tunayo kwenye chupa kama mama ntilie alivyo na chumvi. Kompresa nyingi za umeme hutaka POE, oili isiyopitisha umeme. PAG hupitisha. Nilipoitia kwenye van ya mikate ilizunguka na gesi hadi kwenye nyaya za mota, ikawa daraja kati ya volti 360 na bodi ya gari. Gari la umeme hujipima lenyewe kila mara kama stima inavujia kwenye bodi. Likaona inavuja, likakataa kuwaka. Lilikuwa na akili kuliko mimi.

Tulipoifungua, tukaitenga kompresa na kuipima kwa mega, ile mita ya kupimia insulesheni, kwa volti 500. Nilitegemea megaohimu kadhaa. Mshale ulikaa chini ya kilohimu 100, na haukutikisika. Nikapanguza kidole kwenye mdomo wa bomba, kikatoka na oili ya kijani, ile rangi yangu mwenyewe niliyotia kutafutia uvujaji. Hapo hakuna wa kumlaumu. Tukabadilisha kompresa, draya (kichupa cha kunyonya unyevu) na kondensa, tukasafisha mabomba yaliyobaki, na fedha zikatoka mfukoni mwangu.

Tangu siku ile, utaratibu wangu ni huu:

Kwanza nasoma kibandiko kilicho chini ya boneti. Kina aina ya gesi, aina ya oili na uzito wa gesi kwa gramu. R134a na R1234yf, aina nyingine ya gesi ya AC, hazichanganywi, na hiyo ya pili inaweza kushika moto, kwa hiyo haiguswi na mashine ya kienyeji.

Pili, nina mipira na geji za magari ya umeme peke yake. Mpira uliohudumia matatu asubuhi una PAG ndani, na hiyo kidogo inatosha kuleta balaa.

Tatu, sijazi kwa kuangalia geji. Kompresa hii hubadili kasi itakavyo, hivyo presha nayo hucheza, na ile chati ya ukutani haina msaada. Gari likiwa limezimwa na limepoa hadi nyuzi 30, geji zote mbili zitasoma karibu psi 97 mradi kuna gesi ya majimaji ndani, iwe nusu au iwe imejaa. Namba hiyo hukwambia ipo; haikwambii ni kiasi gani. Dawa ni kuitoa yote kwa mashine na kuipima. Kabla ya kurudisha, natafuta panapovuja, maana gesi haiishi kama petroli, ikipungua imetoka mahali. Kisha navuta vakyumu (natoa hewa yote kwenye mabomba) nusu saa, nafunga, natazama kama inashika, ndipo narudisha gramu kamili za kibandiko.

Na ile mikebe ya gesi yenye dawa ya kuziba matundu, ipite mbali na van hizi.

Hatua ya 6: Hita

Mtu wa Mombasa ataniuliza hita ya nini. Muulize anayepeleka mzigo Limuru mwezi wa Julai saa kumi na moja alfajiri, kioo kimejaa ukungu na mikono imekufa ganzi.

Aina ya kwanza ni PTC. Ni vipande vya kauri vinavyopitisha stima na kupata moto. Kadiri vinavyopata moto ndivyo vinavyozidi kuibania stima njia, hivyo vinajizuia vyenyewe visiungue. Nyingine hupasha hewa moja kwa moja, nyingine hupasha maji yanayozungushwa na kijipampu. Ukiona kichupa cha maji ya rediyeta chenye bomba linaloelekea dashibodi, jua ni hii ya maji, na mara nyingi tatizo lake ni hewa iliyonasa kwenye bomba. PTC ni mlaji: uniti moja ya stima inakupa uniti moja ya joto, basi.

Aina ya pili ni pampu ya joto. Huu ni ule mtungi uliogeuzwa: vali hubadili njia ya gesi, joto likanyonywa nje na kutemwa ndani. Hata hewa ya nyuzi 10 ina joto ukilinganisha na gesi ya baridi kuliko hiyo. Kwa uniti moja ya stima unaweza kupata joto la uniti mbili au tatu, kwa kuwa stima inatumika kulibeba joto tu.

Hapa pana kipimo kizuri cha bure. Kama van ina pampu ya joto, na baridi imedhoofu na joto nalo limedhoofu, shuku gesi au kompresa. Kama joto liko imara na baridi haipo, usikimbilie kusema gesi ni nzima: baadhi zina PTC ya kusaidia, inayokuficha ukweli.

Ukungu wa kioo hautaki joto kali, unataka hewa kavu. Washa AC na hita kwa pamoja, elekeza kiooni, na ufungue hewa ya nje.

Hatua ya 7: Usisahau abiria wa tatu

Betri yenyewe ni abiria. Hupenda hali tunayoipenda sisi, kati ya nyuzi 15 na 35 hivi. Joto la kuzidi huizeesha, na kuichaji ikiwa chini ya sifuri huiumiza ndani. E-NV200 huipuliza betri hewa iliyopozwa na AC wakati wa kuchaji. Kwa hiyo ukisikia kompresa ikivuma gari limeegeshwa kwenye chaja na hakuna mtu ndani, usiizime. Na ukiwa na AC mbovu, usidhani shida yako ni jasho tu. Van nyingine hupoza betri kwa maji, na hapo hita, AC na betri hushirikiana mabomba.

Hatua ya 8: Piga hesabu kwa saa

Madereva huniuliza AC inakula kilomita ngapi. AC inakula kwa saa. Chukua kilowati moja, yaani uniti moja kwa saa, makadirio ya kawaida ikishatulia, na van inayokwenda kilomita 5 kwa uniti. Ukienda Mtwapa saa moja, umepoteza kilomita 5. Ukikaa saa moja kwenye foleni ya feri ya Likoni, umepoteza 5 zilezile bila kusogea. Ukizunguka mtaani saa 6 ukifungua na kufunga milango, ni 30, na hilo kwa betri kuukuu ya uniti 24 si haba. Hita ya PTC ikivuta kilowati 4 inakula mara nne ya hapo.

Poza gari kabla ya kuchomoa chaja. Weka saa ya AC iwake dakika 15 kabla ya safari, stima itoke ukutani. Egesha chini ya mwarobaini. Ukipanda gari lililochomwa na jua, endesha dakika mbili za mwanzo vioo vikiwa wazi, hewa ya moto itoke yenyewe, ndipo ufunge na uweke hewa ya kuzunguka ndani. Kama van ina kiti cha kujipasha, kule Limuru kiwashe na upunguze hita. Kiti hula wati chache tu, na mgongo ukipata joto mwili mzima hutulia. Yule wa mikate bado ni mteja wangu, na kila akileta gari huniuliza kwanza nimeshika chupa gani mkononi.